Mizani Kabla ya Macho: Afya ya Mjusi Mchanga wa Kufugwa



Nimeombwa nizungumzie malezi ya mijusi wachanga wanaofugwa majumbani na namna ya kuyatambua maradhi yao. Mada hii ni pana, kwa sababu jamii moja tu ya mijusi, ile ya geko, ina spishi zaidi ya 1,500, na kinachomfaa mmoja huweza kumuua mwingine. Kwa hiyo nitamchukua mmoja tu, yule aliyeenea kuliko karibu wote katika nyumba za wafugaji wa Ulaya na Marekani: mjusi chui, ambaye wanasayansi humwita Eublepharis macularius. Asili yake ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Hafanani sana na mjusi kafiri tunayemwona akikimbia juu ya kuta zetu. Mjusi chui ana kope zinazofumba, vidole vyake havinati ukutani, na mkia wake mnene ndio akiba yake ya mafuta. Akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 15 hadi 20. Siku anayotoka kwenye yai huwa na uzito wa gramu 2 hadi 4 tu. Hoja yangu inatokana na udogo huo. Nasema kwamba kumtazama mjusi mchanga hakutoshi kujua kama ni mzima. Sharti apimwe yeye, na kabla yake kipimwe kizimba anamoishi. Mfugaji anayengoja dalili iliyo dhahiri machoni, mara nyingi huipata siku ambayo tiba haina tena la kufanya.

Tuanze na sababu ya macho kutudanganya. Mjusi ni windo la ndege, nyoka na wanyama wengi wa usiku, na anayeonyesha unyonge ndiye huliwa kwanza. Kwa hiyo maumbile yamemjenga avumilie kimya. Akiumwa halii, hapandwi na joto la mwili ambalo mkono wako ungelihisi, na kulala mchana kutwa ndani ya pango lake ni desturi yake hata akiwa na afya kamili. Isitoshe, mwili wake hutumia nguvu kidogo sana. Mjusi mkubwa mwenye mkia mnene anaweza kukaa majuma kadhaa bila kula na asionekane amebadilika. Mchanga naye huficha unyonge vivyo hivyo, lakini hana akiba ya mwenzake, kwani mkia wake bado ni mwembamba. Hapo ndipo hatari ilipo. Mjusi wa gramu 5 aliyepungua nusu gramu amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 60 kupungua kilo 6, na hakuna jicho, hata la mfugaji mzoefu, litakaloiona nusu gramu hiyo. Mizani itaiona. Nayo isiwe ile ya jikoni inayohesabu gramu nzima nzima. Itafutwe inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama wanazotumia masonara. Apimwe mara moja kwa juma, saa ileile, kabla ya kulishwa, na namba iandikwe daftarini pamoja na tarehe. Mchanga anayekua sawasawa huongezeka juma hadi juma. Akisimama pale pale kwa majuma mawili, kuna jambo la kutafutwa, hata kama macho yake yanang'aa na anakimbia.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema mjusi mchanga hutishika akishikwashikwa, na hofu yenyewe ni ugonjwa. Ni kweli hutishika. Wengine hupiga kelele nyembamba na kujinyanyua juu ya miguu wakijitia ukali, na anayekamatwa kwa mkia huukata akauacha mkononi mwa mshikaji. Utaota mwingine, lakini hautakuwa na pingili za mfupa, na akiba ya mafuta iliyokuwa ndani imekwisha kupotea. Ila kupima hakuhitaji kumshika. Kikopo chepesi cha plastiki kinalazwa mbele yake, anaelekezwa taratibu aingie, kifuniko kinafungwa, kikopo kinawekwa juu ya mizani, kisha anarudishwa. Shughuli nzima haizidi dakika moja au mbili. Yule aliyefika nyumbani jana aachwe siku kadhaa atulie kwanza. Hofu ya dakika moja au mbili kwa juma haiwezi kulinganishwa na njaa ya majuma matatu ambayo hakuna aliyeijua.

Sasa nije kwenye kizimba, maana maradhi mengi ya mjusi mchanga huanzia humo. Mwili wa mjusi hautengenezi joto lake wenyewe. Huliazima kwa jua, kwa mwamba, kwa sakafu. Joto hilo ndilo linalosaga chakula tumboni, na ndilo linaloamsha kinga ya mwili. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitolewa na Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika makala waliyoichapisha mwaka 1975 kwenye jarida la Science. Waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani wa Marekani, wa spishi Dipsosaurus dorsalis, kisha wakawaweka katika viwango tofauti vya joto. Kadiri joto lilivyokuwa chini ndivyo vifo vilivyoongezeka, na waliokuwa kwenye joto la juu wengi wao walipona. Kabla ya hapo Kluger alikuwa ameonyesha kwamba mjusi mgonjwa akipewa nafasi ya kuchagua, hujisogeza mwenyewe penye joto zaidi. Kwa maneno mengine, homa yake huifuata kwa miguu. Ni kweli kwamba Dipsosaurus si geko, na mjusi chui hapaswi kupashwa joto kali kama la mnyama huyo wa jua la mchana. Ila kanuni ni ileile: kizimba chenye joto la aina moja kila pembe kimemnyang'anya mgonjwa dawa yake ya kwanza.

Kwa mjusi chui, sakafu ya pango la upande wa joto iwe kati ya nyuzi 31 na 33 za Selsiasi, na upande wa pili uwe na nyuzi 24 hadi 26, ili achague. Sisemi joto la hewa. Nasema joto la pale tumbo lake linapogusa, na hilo hupimwa kwa kipimajoto ambacho kihisi chake kimelazwa sakafuni. Pedi ya joto iunganishwe na kidhibiti, kwa kuwa isiyodhibitiwa huunguza tumbo huku mjusi ametulia juu yake bila kuhama. Mchanga anayetapika chakula au anayetoa nyenje nzima nzima kwenye kinyesi, mara nyingi ni mjusi aliye kwenye baridi. Kabla ya kumtafutia dawa ya minyoo, isomwe namba ya kipimajoto.

Hapa huja pingamizi ninalolisikia likirudiwa kuliko yote: porini hakuna kipimajoto wala mizani, na mijusi wanaishi. Wanaishi, lakini tunaowaona ni wale walionusurika. Wengi wa wanaoanguliwa porini hawafiki utu uzima, na mizoga yao hatuioni. Halafu mjusi wa porini ana ufa wa mwamba wenye kina, ana jiwe lililopigwa na jua la alasiri, ana udongo wenye unyevu chini ya jiwe jingine, ana wadudu wa aina nyingi walioshiba majani ya aina nyingi. Sisi tumempa kasha la kioo lisilozidi urefu wa mkono wa mtu. Tukishamnyima uhuru wa kutafuta, ni juu yetu kupima kile tulichomwekea badala yake.

Katika vyote vinavyokosekana kizimbani, kinacholemaza mijusi wachanga wengi ni kalsiamu. Nyenje, mende wa kufugwa na mabuu wengi wanaouzwa kwa ajili ya mijusi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, mara kadhaa zaidi, ilhali mwili unaokua unahitaji kinyume chake, takriban sehemu mbili za kalsiamu kwa moja ya fosforasi. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi ndogo za parathiroidi shingoni hutoa homoni inayoiamuru mifupa iachie kalsiamu yake, kwa kuwa moyo na misuli havina subira. Damu inapata haki yake, mifupa inabaki laini. Siku za mwanzo hakuna cha kuona. Baadaye vidole hutetemeka kidogo mjusi anapotulia, taya la chini hubonyea na kuwa kama mpira, miguu ya mbele hupinda nje kwenye viwiko, mkia au uti wa mgongo huingia vigongo, na mwishowe anajiburuza tumbo chini kwa sababu hawezi kujiinua. Tangu mtetemo wa vidole, ni jambo la daktari siku hiyohiyo. Taya lililopinda, hata ugonjwa ukizuiwa, mara nyingi halirudi lilivyokuwa.

Kinga yake ni rahisi. Wadudu walishwe vizuri siku moja au mbili kabla ya kuliwa, wapakwe unga wa kalsiamu usio na fosforasi, na mjusi apate vitamini D3, ambayo bila hiyo kalsiamu iliyomezwa hupita tumboni na kutoka. Wafugaji wamebishana kwa miaka mingi kuhusu njia ya kuipata D3. Kundi moja lilisema mjusi chui ni mnyama wa usiku, kwa hiyo taa ya miale ya urujuanimno ni kumwonea bure. Kwao, unga wenye D3 unatosha. Kundi hili lina ushahidi wake, kwani vizazi vingi vimelelewa kwa unga pekee vikakua na kuzaa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mijusi chui wachanga wakiwekewa miale hiyo hujitengenezea vitamini D wenyewe, hata kama wao ni wa usiku. Kwa maoni yangu taa dhaifu, yenye kivuli cha kujificha karibu, ni bora kuliko unga peke yake. Mwili unaotengeneza D3 kwa mwanga hujua pa kukomea. Unaolishwa D3 kwa kijiko hauwezi kuikataa, na ikizidi hugeuza viungo laini kuwa vigumu kwa kalsiamu isiyo mahali pake. Anayetumia taa apunguze D3 ya unga, na asiyetumia asiizidishe kwa kudhani kwamba kingi ndicho kizuri.

Kujivua gamba nako kunafaa kuangaliwa kwa karibu sana, na hapa macho yana kazi. Mchanga hujivua mara nyingi kuliko mkubwa, na kwa kawaida hulila gamba lote. Asubuhi yake itazamwe ncha ya kila kidole chini ya mwanga mzuri. Gamba lililobaki huonekana kama pete nyembamba, nyeupe, iliyokaza. Hali hiyo ikijirudia mara mbili tatu, pete hukauka, hubana damu, kidole huvimba, hugeuka cheusi na kukatika. Dawa yake ni maji ya vuguvugu ya kina cha kufikia vifundo kwa robo saa, kisha kijiti chenye pamba iliyoloweshwa kizungushwe polepole mpaka pete iteleze. Lisivutwe gamba kavu. Na kama linabaki kila mara, tatizo si kidole, ni ukosefu wa pango lenye unyevu. Kikopo kilichofunikwa chenye mlango mdogo na karatasi mbichi ndani kinatosha. Gamba lililonasa chini ya kope ni la daktari, pamoja na macho yaliyovimba au yenye usaha, ambayo wakati mwingine ni alama ya upungufu wa vitamini A.

Kuhusu tandiko la chini, sina maneno mengi: mchanga wa jangwa haufai kwa mjusi anayekua, hasa ule unaouzwa kwa jina la mchanga wa kalsiamu, kwa kuwa mwenye njaa ya madini huula kwa makusudi na kuziba utumbo. Karatasi za jikoni hazipendezi, lakini zina faida isiyopatikana kwingine: kinyesi huonekana. Kinyesi cha mzima kina sehemu ya kahawia iliyoshikana na kipande cheupe pembeni, ambacho ndicho mkojo wake. Cheupe kikigeuka njano iliyokolea na kuwa kigumu, huenda mjusi hana maji ya kutosha. Kahawia ikiwa majimaji, yenye kunuka kuliko kawaida, siku mbili mfululizo, kinyesi kikusanywe kipelekwe maabara kingali kibichi.

Sababu ya kuharakia maabara ni kimelea kiitwacho Cryptosporidium varanii. Huingia kwa kinyesi, hukaa ukutani mwa utumbo, na huuzuia kunyonya chakula. Mjusi anakula na huku anakonda. Mkia unakauka ukawa kama kijiti, nyonga zinachomoza. Wachanga ndio huathirika zaidi. Hakuna dawa ya kuaminika ya kukiondoa kabisa, na mayai yake huvumilia dawa nyingi za kusafishia, jiki ikiwemo. Kipimo cha vinasaba cha kinyesi hukigundua, ila kimelea hakitoki na kinyesi kila siku, kwa hiyo jibu moja la kwamba hakipo halitoshi. Hapa ndipo daftari la uzito linapookoa kundi zima: kimelea hiki huanza kuonekana kwenye namba kabla ya mkia. Na ndiyo sababu siafiki kulea ndugu watatu wanne katika kasha moja. Wanaotetea desturi hiyo husema wanalala pamoja kwa kupendana. Kulala pamoja kunaeleza tu kwamba pango lenye joto ni moja. Mkubwa hula kwanza, mdogo hung'atwa mkia na kukosa chakula, na kinyesi kilicholegea kikipatikana asubuhi hakuna ajuaye ni cha nani.

Mjusi akishaonyesha dalili nilizozitaja, au akihema kinywa wazi, akiwa na ute mdomoni, akitokwa na nyama nyekundu sehemu ya haja, au akishindwa kujigeuza akilazwa chali, nyumbani si mahali pa kumtibia. Dawa za minyoo na antibayotiki hupimwa kwa gramu za mwili, na kosa la tone moja kwa mnyama wa gramu 6 ni kosa kubwa. Kuna anayesema madaktari wa mifugo wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa. Ni kweli katika miji mingi, na ndiyo maana mfugaji aende na ushahidi: namba za uzito, joto la pande zote mbili za kizimba, jina la unga na la taa, kinyesi kibichi ndani ya kikopo kilichofungwa, na picha za kizimba. Daktari ambaye hajawahi kumtibu geko, akiwa na hayo mkononi, atafika mbali kuliko bingwa aliyeletewa mjusi na neno moja tu, kwamba hali.

Afya ya mjusi pia haitengani na ya walio naye nyumbani. Geko wengi hubeba salmonela bila kuugua. Mwaka 2015 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza mlipuko wa salmonela uliohusishwa na geko wa kufugwa wenye kishungi. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa mjusi au chombo chake, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike.

Limebaki suala la mahali mjusi alikotoka, na hapa Tanzania inahusika moja kwa moja. Katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 4 hivi, na katika maeneo machache ya jirani, anaishi geko mdogo Lygodactylus williamsi, dume lake la rangi ya buluu kali, ambaye makao yake ni mikadi. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwishoni mwa 2004 na katikati ya 2009 kikundi kimoja tu cha wakamataji kilichukua zaidi ya mijusi 30,000 kwa ajili ya soko la ng'ambo, na mikadi ilikatwa ili kuwafikia. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Johannesburg, mkataba wa CITES ulimweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kinachozuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Mjusi aliyekamatwa porini mara nyingi hufika dukani amekaukiwa maji, amejaa vimelea na hana historia inayojulikana. Wafugaji hujibu kwamba basi tununue waliozaliwa vizimbani tu. Nakubali, lakini hata hilo lina mpaka wake. Mjusi chui wa rangi iitwayo Lemon Frost alizalishwa na wafugaji kwa ajili ya uzuri wa ngozi, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba badiliko lililompa rangi hiyo linaambatana na uvimbe wa saratani kwa zaidi ya asilimia 80 ya walionao. Wale wa ukoo uitwao Enigma huzunguka duara na kulikosa windo lililo mbele yao. Maradhi haya hayazuiliki kwa kizimba kizuri. Yanazuilika kwa mnunuzi kuuliza wazazi walikuwa nani, na kukataa.

Wa mwisho kupinga ni yule anayesema gharama ya daktari inapita bei ya mjusi. Huenda inapita, lakini anayechukua kiumbe wa miaka 15 amechukua na matibabu yake, na sehemu kubwa ya niliyoyasema haihitaji fedha nyingi: mizani, kipimajoto, daftari na karatasi za jikoni. Gharama moja tu ndiyo isiyokwepeka, nayo ni kipimo cha kinyesi. Kila mjusi mgeni akae karantini siku zisizopungua 60, katika chumba kingine, kwa vyombo vyake mwenyewe, akihudumiwa baada ya wengine wote. Kinyesi chake kipimwe anapofika, na kirudiwe kabla hajaruhusiwa kukaa chumba kimoja na wenzake.